Abdulrazak Gurnah: kweli na uongo kuhusu mapenzi, tamaa na ukoo

Tangu tarehe 7 Oktoba 2021, Akademia ya Sweden ilipomtangaza Abdulrazak Gurnah kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, jina lake limetembea kuliko vitabu vyake. Tulishangilia, Visiwani na Bara, kisha tukaanza kumzungumza. Na mtu anayezungumzwa kuliko anavyosomwa huzushiwa mengi. Wapo wanaosema ni mwandishi wa siasa. Wapo wanaosema amekuwa Mwingereza, wapo wanaosema vitabu vyake ni kilio mwanzo hadi mwisho. Nimevisoma vitabu hivyo kwa miaka, ninavipenda, na kinachoniuma ni kwamba katika maneno yote hayo halisemwi lile lililo kubwa: huyu ni bingwa wa kuandika mapenzi, tamaa na mambo ya ndani ya nyumba. Basi nimeyakusanya yanayosemwa sana niyapime.

"Gurnah anaandika ukoloni na wakimbizi, basi"

Uongo, ingawa una chanzo chake. Akademia yenyewe, ilipoeleza sababu ya kumtuza, ilitaja athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi. Magazeti yakanukuu maneno hayo, walimu wakayanukuu magazeti, na tangu hapo msomaji anafungua kitabu akiwa ameshaambiwa atafute nini.

Chukua *By the Sea*, riwaya ya mwaka 2001, ambayo hutajwa mwanzo kila yanapozungumzwa mambo ya wakimbizi. Mzee Saleh Omar anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasipoti yenye jina lisilo lake na kikasha cha udi, na afisa wa uhamiaji anamchukulia ule udi. Ukimbizi upo, tena umeandikwa kwa uchungu. Lakini kifuate kisa chenyewe. Jina aliloingia nalo ni la Rajab Shaaban, mtu waliyegombana naye huko kwao kwa ajili ya nyumba. Nyuma ya ugomvi wa nyumba yupo mfanyabiashara mgeni aliyekaribishwa kwa Rajab Shaaban akawa mtu wa ndani, akamharibu mtoto mkubwa wa mwenyeji wake, na nyumba ikaishia kuwekwa rehani. Mtoto mdogo, Latif, ndiye anayekuja kuonana na Saleh Omar uzeeni, Uingereza. Watu wawili hawa wakikaa pamoja hawazungumzii sheria za kupewa hifadhi. Wanaulizana nani alirithi nini na kwa haki gani, baba alikosa nini, mama alikuwa akienda wapi na kwa nani.

Ondoa Gatwick, riwaya itachechemea lakini itasimama. Ondoa nyumba, urithi na aibu, hakuna riwaya. Yeyote aliyewahi kuona ndugu wa baba mmoja wakifikishana mahakamani kwa vyumba viwili vya marehemu atakisoma kitabu hiki bila mkalimani.

"Wapenzi wa Gurnah hutenganishwa na Mzungu"

Kweli nusu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu *Desertion*, iliyotoka mwaka 2005, ndiyo riwaya yake ya mapenzi kuliko zote, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote.

Ni alfajiri ya mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani kaskazini ya Mombasa. Hassanali, mwenye duka, anakwenda msikitini kuadhini. Gizani anaona kitu kinamjia kikiyumba, naye anadhani ni jini. Kumbe ni Mwingereza, Martin Pearce, amefika hoi bin taabani. Hassanali anamchukua nyumbani kwake, anaitwa Mamake Zaituni aje kumtibu, na dada yake Hassanali, Rehana, anakasirika kuletewa mgonjwa asiyejulikana. Baadaye afisa wa serikali anakuja kumchukua Mwingereza mwenzake, na shukrani anayotoa ni kuwashuku wenyeji kwamba wameiba mali ya mgonjwa. Pearce akishapona anarudi kuomba radhi. Hapo ndipo anapomwona Rehana.

Rehana si msichana. Amekwishaolewa na mfanyabiashara wa Kihindi aliyeondoka na meli akiahidi kurudi, asirudi. Si mjane wala hana talaka mkononi, na mji mzima unajua hesabu ya miaka yake. Gurnah anatukalisha na mwanamke huyu, na hasira zake na matamanio yake, mpaka tunapofika kwenye mapenzi yake na Pearce hatuna ubavu wa kumhukumu. Wanahamia Mombasa, wanakaa kinyumba. Kisha Pearce naye anakwenda zake.

Mpaka hapo anayesema "Mzungu ndiye aliyeharibu" ana hoja. Lakini kitabu hakijafika hata nusu. Tunaruka hadi Zanzibar ya miaka ya 1950, nyumbani kwa walimu wawili, mume na mke, wenye watoto watatu: Amin, Rashid na Farida. Amin anampenda Jamila, mwanamke aliyeachika, mkubwa wake kwa umri, mzuri, anayeishi katika sehemu yake mwenyewe ya nyumba ya kwao, na mlango wake wa kuingilia. Jamila ni mteja wa Farida, anayeshona nguo, na Farida ndiye anayewapelekea habari zao. Wazazi wanagundua. Na kosa la Jamila ni lipi? Bibi yake ni Rehana, yule aliyekaa kinyumba na Mwingereza.

Aliyewatenganisha Amin na Jamila si gavana. Ni mama yake Amin, mwanamke msomi anayempenda mwanawe, na alichotumia ni kiapo. Amin anaapa hatamwona tena, na anakitimiza kiapo chake. Pearce hayupo tena, dola yake inafungasha, na bado jina lake linatosha kuvunja mapenzi ya watu ambao hawajawahi kumtia machoni. Aliyelihifadhi jina hilo kwa miaka yote hiyo ni nani? Ni sisi. Ni barazani, ni visimani, ni harusini, ni kila aliyemnong'oneza mwenzake, "huyo unamjua bibi yake?"

Kuna jambo jingine katika kitabu hiki linalonivutia kila nikirudi kwake. Msimulizi, Rashid, anafika mahali anasimamisha hadithi na kukiri kwamba hajui Rehana na Pearce walianzaje. Hakuna aliyemwambia. Analazimika kubuni. Wakubwa wa familia walikumbuka fedheha ile kwa kila undani, lakini furaha ya wale wawili, siku ya kwanza walipotazamana, maneno waliyoambiana, hakuna aliyeona kuwa ni kitu cha kuweka. Sijui riwaya nyingine iliyoonyesha hivi wazi jinsi ukoo unavyochagua cha kukumbuka.

"Gurnah anasimulia maisha yake mwenyewe"

Uongo mwepesi kuufuta. Rashid wa *Desertion* anakwenda kusoma Uingereza kabla ya uhuru, na Mapinduzi ya Januari 1964 yanamkuta huko. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Mapinduzi yalimkuta yuko nyumbani, kijana wa miaka 15, na aliondoka mwishoni mwa muongo huo. Aliweza kurudi mwaka 1984, akamwona baba yake muda mfupi kabla hajafariki. Machungu ya kuishi mbali ameyatoa kwake. Visa ni vya kubuni. Tumpe mwandishi heshima ya kazi yake, tusimgeuze mtu wa kuandika shajara.

"*Gravel Heart* ni Shakespeare aliyehamishiwa Unguja"

Kweli, lakini si kwa namna inavyosemwa. Jina la riwaya hii ya 2017 limetoka katika tamthilia ya Shakespeare, *Measure for Measure*, na kiini cha kisa pia. Katika tamthilia ile, mwanamke anaambiwa na mwenye madaraka kwamba atamwokoa kaka yake na kifo iwapo atakubali kulala naye, naye anakataa. Gurnah ameuliza swali ambalo Shakespeare hakuuliza: je, kama angekubali? Nyumba yake ingekuwaje miaka ishirini baadaye?

Ndivyo tunavyompata Salim, mtoto ambaye baba yake, Masud, ameondoka nyumbani bila ugomvi wala maelezo, akapanga chumba nyuma ya duka huko Mwembeladu. Kila siku mama, Saida, anapika, anapanga chakula kwenye kikapu, na mtoto anakipeleka kwa baba na kurudi na vyombo vya jana. Baba haongei. Mama hasemi kwa nini anampikia mwanamume aliyemwacha. Salim anakua na kile kikapu mkononi bila kujua amebeba nini. Mjomba wake, Amir, anamchukua London, anamsomesha, anamfanyia hisani kubwa, na wema huo wa mjomba una siri ndani yake: ni yeye aliyekuwa kizuizini, na Saida, dada yake, ndiye aliyejitoa kwa mtoto wa kigogo ili afunguliwe.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na Salim haipewi mpaka mama yake ameshakufa na yeye ni mtu mzima, aliporudi na baba akafungua mdomo. Kinachonishika hapa ni subira. Mwandishi mwingine angeanza na kashfa. Gurnah ameanza na sahani za chakula, akatuachia tujiulize kwa kurasa nyingi mke anayempikia mume asiyemtaka anamwomba nini. Shakespeare ametoa mbegu, lakini kimya kile cha ndani ya nyumba, cha watu wanaoheshimiana hadi wanaumizana, ni cha kwetu.

"Kwake mapenzi yote huishia pabaya"

Uongo. Soma *Afterlives* ya mwaka 2020. Kitabu kina vita, kina askari wa Wajerumani, kina viboko. Na katikati yake kuna mapenzi yaliyofanikiwa.

Afiya ni yatima aliyelelewa kama mtumishi. Kaka yake, Ilyas, alimfundisha kusoma na kuandika, na aliyekuwa akimlea alipogundua kwamba mtoto wa kike anajua kuandika alimpiga hadi akamvunja mkono. Kikaratasi alichoandika kuomba msaada ndicho kilichomwokoa. Miaka inapita, anakuja Hamza, aliyerudi kutoka jeshini na jeraha mguuni. Hana ndugu wa kumtaja, hana hata wa kumpelekea posa. Mwenye nyumba, Bi Asha, hampendi, na ana sababu ambayo kila mzazi wa pwani anaielewa: utamwozaje binti kwa mtu asiyejulikana atokako? Hamza anafanya nini? Anatafsiri kwa Kiswahili ubeti wa mshairi wa Kijerumani, Schiller, kutoka kitabu alichopewa na afisa wa jeshi, na anampa Afiya.

Angalia uzuri wa jambo hili. Msichana aliyevunjwa mkono kwa sababu ya maandishi anapendwa kwa maandishi. Na lugha ya waliomjeruhi Hamza imegeuzwa kuwa ya mapenzi kwa kupitia Kiswahili. Wanaoana, na ndoa yao inadumu. Asemaye Gurnah hajui furaha hajafika kurasa hizo.

"Ni vitabu vya kututia aibu"

Hili ni la kuzungumzwa kwa adabu, kwa sababu wanaolisema si wajinga. Ni kweli kwamba Gurnah anaandika tamaa bila kuifunika. Anaandika watu wazima wanaowanyemelea watoto wa kiume, mabwana wanaomiliki miili ya waliowaweka rehani, wake wanaotamani wasichoruhusiwa. Tangu riwaya yake ya kwanza, *Memory of Departure* ya 1987, haya yamo. Msomaji aliyelelewa kwamba ya nyumbani hayatoki nje atakereka, na ana haki ya kukereka.

Lakini tutazame anayaandikaje. Katika *Paradise*, riwaya ya 1994 iliyoingia orodha fupi ya Tuzo ya Booker, kijana Yusuf anatolewa na baba yake akiwa na miaka 12 kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Ameambiwa amwite ami, naye anadhani ni ami kweli. Akishakua, mke wa tajiri, mwenye kovu usoni, anamtamani. Kila aliyepita chuoni ameshaijua hadithi hii. Ni kisa cha Nabii Yusuf na Zulekha, na Gurnah hakukificha: hata shati la kijana huyu linachanwa kwa nyuma, ushahidi kwamba alikuwa anakimbia. Alichoongeza ni swali zito. Yusuf wa Qurani alitoka kifungoni akawa mwenye cheo. Yusuf huyu ni rehani. Hata akiwa hana kosa, hana pa kwenda. Amina anayempenda naye alichukuliwa kwa deni, na ameshafanywa mke wa tajiri yule yule. Tamaa hapa si kiburudisho cha msomaji. Inatuonyesha nani ana amri juu ya mwili wa nani ndani ya nyumba yenye bustani nzuri.

Aibu ni ya aliyetenda. Wazee wetu wa Kiswahili wameandika haya haya kwa lugha yetu. Euphrase Kezilahabi aliandika *Rosa Mistika* mwaka 1971, Said Ahmed Mohamed *Utengano* mwaka 1980, Shafi Adam Shafi *Vuta n'kuvute* mwaka 1999. Mabinti waliofungiwa, waliopigwa, waliolazimishwa kuolewa na wazee, wamo vitabuni mwetu zamani. Gurnah ni ndugu yao wa fasihi.

"Wanawake wake hawana sauti"

Kuna ukweli, na ninausema nikiwa mpenzi wa kazi zake. Jamila tunamjua zaidi kwa macho ya Amin. Saida wa *Gravel Heart* amekufa kabla hajasimulia mwenyewe, na kisa chake kinatolewa na mume aliyemwacha. Ningependa sana kumsikia. Kwa upande wa pili, *Dottie* ya mwaka 1990 ni riwaya nzima ya msichana mweusi aliyezaliwa Uingereza anayewalea wadogo zake, na katika *Theft*, iliyotoka mwaka 2025, Raya aliyeozeshwa kwa mwanamume asiyempenda anamchukua mwanawe na kurudi kwao, bila kumsubiri mtu amwombee. Kadiri alivyoendelea kuandika, ndivyo wanawake wake walivyozidi kuamua mambo yao. Farida wa *Desertion*, aliyeonekana kama fundi cherehani tu, mwishowe ndiye anayechapisha diwani ya mashairi ya Kiswahili.

"Anaandika Kiingereza, kwa hiyo hatuhusu"

Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ni hasara tunayojitia wenyewe. Mwingereza anayesoma *Desertion* inabidi aelezwe kwa nini mwanamke aliyeachika na mwenye mlango wake mwenyewe ni tishio kwa mama wa kijana. Wewe huhitaji kuelezwa. Unajua uzito wa kiapo alichotakiwa kukila Amin, unajua kwa nini Bi Asha anamuulizia Hamza kabila na kwao, unajua chakula kilichofunikwa kinaweza kusema nini. Vitabu hivi vimeandikwa kwa lugha ya wengine, ila watu wake wanafikiri kama tunavyofikiri.

Na kwa asiyetaka Kiingereza, mlango umefunguliwa: *Paradise* imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*, na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Anza na hicho. Ukimaliza, kama Kiingereza kinakuruhusu, tafuta *Desertion*. Walimu wa sekondari na vyuo, nawaomba msiifundishe riwaya hiyo kama nyongeza ya somo la historia. Waulizeni wanafunzi kwa nini Amin alikubali kula kiapo, na kama wao wangekubali.